Tochi ilimulika nani?

Kiberege ina kituo cha polisi, na ina gereza. Mtu anayetuhumiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha katika bonde la Kilombero anaweza kuanzia kwenye kile na kuishia kwenye hili, na akitiwa hatiani sheria haimpi hakimu nafasi ya kumhurumia: kifungo hakipungui miaka 30. Ungetarajia basi kwamba ugomvi mkubwa mahakamani ungekuwa juu ya maana ya unyang'anyi. Ukizisoma hukumu za rufaa unakuta sivyo. Mawakili na waendesha mashtaka hawabishani sana kuhusu tafsiri ya kosa. Wanabishania mambo ya usiku ule. Nani alishika tochi? Ilimulika nani? Mlalamikaji alipofika kituoni alisema nini kabla hajakaa kitako? Pamoja na hayo, vyuoni bado tunafundisha na kutahini kesi hizi kuanzia mwisho kurudi mwanzo: adhabu na kifungu kwanza, tochi baadaye, kama muda utabaki.

Mwanafunzi wa sheria hukutana na unyang'anyi mara tatu. Kwenye somo la sheria ya jinai anakariri viungo vya kosa chini ya kifungu cha Kanuni ya Adhabu ambacho wengi wanakijua kwa namba 287A, kilichoingizwa mwaka 2004 na kurekebishwa mwaka 2011. Lazima pawe na wizi. Lazima mwizi awe na silaha au kifaa cha kudhuru. Na lazima, wakati wa kuiba au kabla tu au mara baada ya hapo, atumie nguvu au atishie kuzitumia dhidi ya mtu ili aipate mali au aendelee kuishikilia. Kwenye somo la ushahidi anasoma utambuzi wa macho na kukutwa na mali iliyoibwa karibuni. Kwenye mwenendo wa makosa ya jinai anasoma ukamataji, maelezo ya onyo, hati ya mashtaka na rufaa. Madaftari ni matatu na mitihani ni mitatu, lakini jalada la polisi ni moja, na halijui mipaka ya ratiba ya chuo.

Tuchukue swali la kubuni, la aina ambayo mtahini yeyote angeweza kulitunga. Msimu wa mavuno ya mpunga, saa tatu usiku, dereva wa bodaboda anatoka Ifakara kurudi Kiberege. Anakuta gogo limelazwa katikati ya barabara. Wanatokea watu wawili, mmoja ana panga, mwingine ana tochi. Panga linapoinuliwa dereva anaachia pikipiki na simu, anakimbilia majarubani. Siku ya nne pikipiki inakutwa Mang'ula kwa kijana ambaye dereva anasema ndiye aliyeshika panga. Je, upande wa mashtaka utafanikiwa? Mwanafunzi aliyefundishwa kwa mazoea atajaza kurasa mbili kuhusu panga kuwa silaha na gogo kuwa ishara ya njama, kisha ataandika kwamba mshtakiwa ana hatia. Ataandika Kiswahili kizuri au Kiingereza kizuri, na atakuwa hajagusa kesi. Kwamba dereva aliporwa kwa panga hakuna atakayebisha. Linalobishaniwa ni kama huyu ndiye aliyempora, na swali hilo halimo kwenye kifungu cha 287A.

Limo kwenye mwanga. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika shauri la Waziri Amani, mwaka 1980, mahakama zetu zimeshika msimamo kwamba ushahidi wa utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu, wa kutoutegemea mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Shahidi aeleze alimwona mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga wa namna gani, na kama alimjua kabla. Maamuzi yaliyofuata yamekwenda ndani zaidi. Haitoshi kusema kulikuwa na mwanga. Kibatari, chemli na taa ya umeme haviangazi sawa, kwa hiyo shahidi aseme ulikuwa mwanga wa nini na ukali wake ulikuwaje. Kuhusu tochi, Mahakama ya Rufani imekwisha kusema jambo ambalo kila aliyewahi kumulikwa usoni analijua: mwenye tochi ndiye anayeona, anayemulikwa huona weupe tu. Rudi sasa kwa dereva wetu. Kama tochi ilikuwa mkononi mwa mnyang'anyi na imeelekezwa machoni pake, mwanga huo haukumsaidia kumwona mtu, ulimziba macho. Kama taa ya pikipiki ilikuwa inawaka na mwenye panga alisimama mbele yake, hadithi ni nyingine kabisa. Ni pikipiki ileile, usiku uleule, panga lilelile, na majibu mawili tofauti.

Baada ya mwanga kuna jina. Katika shauri la Marwa Wangiti Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo anaupa ushahidi wake uzito mkubwa, na anayechelewa bila sababu, au asiyemtaja kabisa, anapaswa kuifanya mahakama makini ijiulize. Maana yake kwa Kiberege ni kwamba maneno ya kwanza ya dereva kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa mgambo au kwa askari wa zamu yana thamani kuliko ufasaha wake wote kizimbani miezi sita baadaye. Akisema usiku ule kwamba ni fulani, anayebeba magunia pale mashineni, na askari akaandika, kesi ina mguu wa kusimamia. Akisema ni watu wawili asiowajua, kisha jina likajitokeza baada ya pikipiki kukutwa, wakili wa utetezi hana haja ya kupaza sauti. Na kama kweli hakumjua mtu huyo kabla, alipaswa kutoa wajihi wake kwanza: urefu, rangi, mavazi, alama. Baada ya hapo ndipo liandaliwe gwaride la utambuzi. Kumnyooshea kidole mtu aliyekaa peke yake kizimbani ni jambo jepesi mno kuaminiwa likiwa peke yake.

Mali iliyokutwa Mang'ula inaweza kuokoa kesi ambayo macho yameshindwa kuibeba, lakini nayo ina masharti yake. Mahakama inataka ithibitishwe kwamba mali ilikutwa kwa mshtakiwa, kwamba ni ya mlalamikaji, kwamba iliibwa karibuni, na kwamba ndiyo iliyotajwa kwenye hati ya mashtaka. Pikipiki ina bahati: ina namba ya chesisi, ina kadi, na siyo kitu cha kubadilishwa kirahisi njiani, ndiyo maana mahakama huwa hazikazi sana kuhusu mnyororo wa utunzaji wake kama zinavyokaza kwa dawa za kulevya au fedha. Simu inahitaji namba yake ya utambulisho, maana simu za rangi na aina moja zimejaa kila soko. Noti za elfu kumi hazina jina la mtu. Kisha yaje makaratasi: risiti ya ukamataji iliyosainiwa na shahidi huru, maelezo ya onyo yaliyochukuliwa ndani ya saa nne tangu mtuhumiwa awe chini ya ulinzi bila kuhesabu muda wa kumsafirisha, na hati ya mashtaka inayotaja ni nani hasa aliyetishiwa na panga. Hati iliyosema tu kwamba pikipiki iliibwa kwa kutumia panga, bila kusema panga liliinuliwa dhidi ya nani, imewahi kuvunja kesi, kwa sababu unyang'anyi hufanywa dhidi ya mtu, haufanywi dhidi ya pikipiki.

Uzito wa maswali haya unatokana na kile kinachomkabili mshtakiwa. Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana, na tarehe 5 Agosti 2021, katika shauri la Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Dickson Sanga, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba zuio hilo halivunji Katiba, ikatengua uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka uliotangulia. Unaweza kukubaliana na uamuzi huo au kuukataa. Vyovyote vile, kijana wa Mang'ula atasubiri hukumu akiwa mahabusu, na akitiwa hatiani hakimu hana namba ndogo ya kumpa. Palipo na mlango mwembamba wa kutokea, mlango wa kuingilia unapaswa kulindwa na watu wanaojua kuuliza. Kenya hali ni nzito zaidi: sheria yao ya unyang'anyi wa mabavu imeandika adhabu ya kifo, na huko pia sehemu kubwa ya rufaa ni utambuzi gizani.

Wapo watakaosema msingi hujengwa kabla ya paa: mwanafunzi ajue kwanza kosa ni nini, ndipo ajifunze kulithibitisha. Hoja hiyo ina ukweli kwa mwaka wa kwanza. Haina ukweli kwa mhitimu. Mwaka 2022 nchi ilishtuka kuona kwamba kati ya wanafunzi 633 wa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, 26 tu walifaulu mitihani yote kwa mara moja. 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo na 265 walifeli kabisa. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na kila upande ukautupia mwingine lawama: vyuo, taasisi, wanafunzi, lugha. Sidai kwamba sababu ilikuwa moja. Nasema tu kwamba aliyezoezwa miaka minne kujibu kila somo kwenye daftari lake lazima ayumbe siku anayopewa jalada lenye masomo yote matatu ndani.

Pingamizi la pili ni kali zaidi, na linatoka kwa wananchi. Wanasema mambo ya tochi na risiti ni vichochoro vya wanyang'anyi, na kwamba ukiyatangaza mashahidi watafundishwa cha kusema. Hasira hiyo inaeleweka. Mtu aliyeporwa pikipiki ya mkopo hapati usingizi. Lakini mahakama haidai miujiza. Sheria ya Ushahidi haitaji idadi maalumu ya mashahidi, na mmoja anayeaminika anatosha hata usiku. Inachokataa ni shahidi asiyeulizwa. Kuhusu kufundishana, shahidi wa uongo husimama vizuri zaidi mbele ya wasiojua kuuliza. Anayeulizwa taa ilikuwa upande gani, na mtu alisimama hatua ngapi, hukosea mapema. Na kesi ikianguka, anayeumia ni kijiji. Mtuhumiwa anarudi, watu wanaamini amehonga, na safari ijayo hawampeleki kituoni. Wanaita tairi. Upelelezi mbovu ndio unaozaa wananchi wenye hasira kali, na hao hawaulizi tochi ilimulika nani.

Linalotakiwa halina gharama kubwa. Vyuo viweke angalau mtihani mmoja wa jalada zima, ambapo alama nyingi zinakwenda kwa maswali ambayo mwanafunzi angemuuliza shahidi, na chache kwa kukariri kifungu. Tangu mwaka 2021 sheria inatambua Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ila hukumu za msingi kuhusu utambuzi zimekaa kwenye Kiingereza. Zifupishwe kwa Kiswahili, zimfikie mwendesha mashtaka, askari wa zamu na mtendaji wa kijiji. Kwa hawa wa mwisho ukurasa mmoja unatosha: andika jina usiku uleule, andika wajihi kabla ya gwaride, andika mwanga ulitoka wapi na ulimwangukia nani, toa risiti. Dereva wetu wa kubuni atafika kituoni Kiberege akihema, miguu ina matope ya majaruba, na atataka kuzungumzia pikipiki yake. Askari anayejua kazi atamsikiliza, kisha atamuuliza ile tochi ilikuwa kwa nani, na ataandika jibu kabla halijapoa.