Kasi ya kuvuna magogo si ufanisi



Wapo wanaoamini kwamba msumeno wa mnyororo na trekta vimeleta ufanisi katika uvunaji wa magogo huku kusini mwa Tanzania. Kasi ndiyo imeongezeka. Ufanisi ni jambo jingine. Mnyororo unapopasua gogo la mninga au mkongo hugeuza karibu milimita 8 za mbao kuwa vumbi kila unapopita, ilhali msumeno wa bendi hula milimita 2 au 3 tu. Miti hii huchukua miongo mingi kukomaa. Mbao tunazozipoteza leo tutazifidia kwa kukata mti mwingine.

Trekta nalo, likiburuta magogo wakati wa mvua, hushindilia ardhi na kuacha mifereji. Udongo husombwa hadi Mto Ruvuma, kisha baharini, kwenye mikoko, nyasi bahari na matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Wavuvi wa Msimbati, kijiji kilicho ndani ya hifadhi hiyo, wanategemea mazalia ya samaki yaliyomo humo.

Mfano mwema upo jirani. Vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilipata cheti cha Baraza la Usimamizi wa Misitu (FSC) mwaka 2009 kwa kusimamia vyema misitu yao.

Naziomba Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) na halmashauri zetu ziweke masharti kwenye leseni: msumeno wa bendi unaohamishika utumike, magogo yasiburutwe msimu wa mvua, na mita 60 za kingo za mto, zinazolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zisiguswe.

Msomaji wako,
Shangani, Mtwara