Msaada wa Mungu hauchagui mlango

Na Editha Kamugisha

Yeremia alikuwa amezama topeni ndani ya shimo, na waliomtupa humo ni wakuu wa Yerusalemu, watu wa taifa lake na imani yake. Aliyekwenda kumwombea kwa mfalme Sedekia ni mgeni: Ebed-meleki Mkushi, towashi wa jumba la kifalme. Sura ya 38 ya kitabu cha Yeremia inaeleza alichofanya. Aliingia chini ya hazina akatwaa matambara makuukuu, akayateremsha kwa kamba, akamwambia nabii ayaweke kwapani ili kamba zisimchubue. Mwafrika na matambara yake ndio waliomtoa nabii shimoni.

Maandiko yamejaa habari za namna hiyo. Eliya alilishwa na kunguru, ndege ambaye sheria ilimhesabu najisi, kisha na mjane wa Sarepta katika nchi ya Sidoni, kwao Yezebeli. Naamani, jemadari wa Shamu, alionyeshwa njia ya kupona na binti aliyetekwa vitani. Koreshi wa Uajemi hakumjua Mungu wa Israeli, lakini Isaya anamwita masihi.

Sisi wa Karagwe tuna sababu yetu ya kuzisoma vizuri habari hizi. Novemba 1861, wasafiri Wazungu John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika Bweranyange kwa Rumanyika, mfalme wa Karagwe. Speke alifungua Biblia mbele ya mwenyeji wake, akamfafanulia asili ya watu kupitia wana wa Nuhu, akadai kuwa ukoo wa Rumanyika umetoka Uhabeshi, kwa mfalme Daudi, ambaye, kwa maneno ya Speke, nywele zake zilinyooka kama za Wazungu. Mawazo hayo ya kuwapanga watu kwa damu na nywele baadaye yalishikwa na wakoloni, na jirani zetu wa Rwanda wanajua yaliwagharimu nini.

Wakati huohuo Grant alikuwa amelala, mguu umevimba, hawezi kutembea. Speke alipokwenda Buganda Januari 1862, alimwacha mikononi mwa Rumanyika, na Grant alibaki hadi Aprili. Wenyeji walimkanda mguu kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na chumvi na matope ya ziwani. Habari ya Sarepta ilikuwa ikitendeka palepale Bweranyange, na mwenye Kitabu alikuwa akitafuta nasaba.

Kosa hilo la kutouona msaada ulipo bado tunalo. Tunaombea ada, tiba na chakula, kisha macho tunayaelekeza kwa mbunge, mfadhili au nabii mwenye vipaza sauti. Akija jirani mjane na mkungu wa ndizi, au kijana wa bodaboda akimkimbiza mjamzito zahanati usiku wa manane, au mtu wa dini nyingine akilaza wageni wetu, tunasema tumebahatika. Huko ni kumpokonya Mungu kazi yake na kumpokonya mtu heshima yake.

Ebed-meleki hakusahauliwa. Katika sura ya 39, Yeremia akiwa bado kifungoni, Mungu alimtuma ampelekee neno kwamba mji utakapoanguka, yeye atapona. Siku za shukrani makanisani mwetu tunasoma majina ya waliotoa fedha nyingi. Tuanze kusoma na majina ya watu kama yule mjane na yule kijana wa bodaboda, wakiwepo na kusikia.