Sura ya Herufi na Mshororo wa Mizani Kumi na Sita

Mshairi wa Kiswahili hukesha akipima mizani, hugeuza kina cha kati mara tano, hufuta neno zuri kwa kuwa limezidi silabi moja. Shairi likikamilika hulitia kwenye kompyuta na kuliacha livae nguo yoyote itakayokutwa humo. Nguo hiyo ni fonti, yaani sura ya herufi. Tumezoea kuiona kuwa shughuli ya mpiga chapa, nami nasema ni shughuli ya mshairi.

Fonti tunazozikuta hazikubuniwa kwa ajili ya ubeti. Times New Roman ilitengenezwa kwa gazeti la The Times la London, lililoanza kuitumia mwaka 1932. Ni nyembamba kiasi kwa sababu gazeti lilitaka maneno mengi yaenee katika safu finyu. Calibri ya Lucas de Groot ilifanywa na Microsoft kuwa fonti ya kuanzia katika Word ya mwaka 2007, na kwa miaka mingi barua za kuomba kazi, mialiko ya harusi na mashairi vikafanana sura. Comic Sans, aliyoibuni Vincent Connare mwaka 1994 akiiga maandishi ya vitabu vya katuni, nimeiona kwenye tangazo la tanzia: maneno yanalia, herufi zinacheka.

Hasara inayotugusa sisi hasa iko kwenye herufi mbili. Katika Arial, I kubwa na l ndogo ni kijiti kilekile kilichosimama wima. Kila lugha inayoandikwa kwa herufi za Kilatini ina tatizo hili, ila sisi limetukalia mwanzoni mwa mshororo: Ili, Ila, Ilhali, Ilikuwa, Iliyo. Mtu anayesoma kimoyomoyo atakisia. Anayeghani mbele ya watu hana nafasi hiyo. Akisita kwenye mizani ya kwanza, ubeti mzima umekwenda upogo.

Matthew Carter, alipobuni Verdana kwa ajili ya kioo cha kompyuta, aliipa I vistari vidogo juu na chini, na fumbo likaisha. Lakini Verdana ni pana mno. Weka mshororo wa mizani kumi na sita katika ukurasa wa diwani ndogo, au kwenye simu, utao utavunjika na kuangukia mstari wa chini, na tarbia ya mishororo minne itaonekana kama vipande vinane visivyojua vinatoka wapi.

Wako wanaoipenda Courier, yenye sura ya taipureta, ambamo kila herufi ina upana sawa. Hudhani upana sawa unaafikiana na mizani. Hauafikiani, kwa sababu mizani ni silabi: neno aua lina herufi tatu na mizani tatu, na shangwe lina herufi saba na mizani mbili.

Kisha kuna ritifaa. Mshairi anapofupisha nimekuja kuwa 'mekuja, programu nyingi hudhani amefungua nukuu, zikaigeuza alama ielekee upande usio wake. Katika fonti yenye alama zilizonyooka kosa halionekani. Katika fonti yenye alama zilizojipinda, msomaji huanza kuitafuta nukuu inapofungwa, wala hataipata.

Tazama jina la kanga, pengine ndiyo maandishi ya Kiswahili yanayosomwa mwendoni kuliko yote. Madoido yote yameachiwa pindo na mji. Maneno huchapwa kwa herufi kubwa, wazi, na fumbo hubaki katika maana peke yake. (Herufi kubwa tupu zingechosha katika utenzi wa beti mia tatu, hilo nakubali.)

Mimi hutumia Gentium ya Victor Gaultney, inayotolewa bure na SIL na iliyobuniwa makusudi kwa lugha nyingi za dunia. I yake haifanani na l, na haili nafasi kubwa. Mwingine atapenda nyingine. Mapenzi ya herufi, kama ya mahadhi, hayalazimishwi. Ila kabla ya kupeleka diwani kiwandani, aandike Ilala, ng'ombe na 'mekuja kwa ukubwa wa 10, achape karatasini, ampe mtu asiyelijua shairi asome kwa sauti.