Uchambuzi: Thamani ya bunduki kuukuu haipimwi kwa kilo

BUNDUKI 5,144 ziliteketezwa mjini Ngong, Kaunti ya Kajiado, mnamo Juni 9, 2021, mbele ya Rais wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta. Itakumbukwa kuwa Novemba 2016 moto kama huo uliwashwa huko huko Ngong, mara hiyo kwa silaha 5,250, Bw William Ruto akiongoza shughuli hiyo akiwa Naibu wa Rais.

Idadi hutangazwa kwa fahari. Silaha hizo zilitengenezwa wapi, mwaka gani, na zilipitia mikono ya nani kabla ya kufika kwenye rundo, ni habari isiyosikika sana hadharani.

Hakuna mwenye akili timamu anayelilia bunduki haramu. Mfanyakazi wa viwanda vya Athi River anayerejea Kitengela usiku hajali umri wa bunduki anayoelekezewa kifuani. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya kuangamiza silaha na kuangamiza habari iliyochongwa juu yake, na tofauti hiyo wanaifahamu vyema watu ambao Kenya haina desturi ya kuwasikiliza: wakusanyaji wa silaha za kale.

Chukua mfano wa bunduki za jeshi la Japani, ziitwazo Arisaka, ambazo nchini Marekani huuzwa na kununuliwa kihalali kama kumbukumbu za vita. Zinazojulikana zaidi ni Aina ya 38, ya mwaka 1905, yenye risasi za milimita 6.5, na Aina ya 99, ya mwaka 1939, yenye risasi za milimita 7.7. Mnunuzi mjuzi haulizi kwanza kama inapiga. Hutazama juu ya chemba ya risasi kama lipo ua la krisanthemumu lenye petali 16, nembo ya Mfalme wa Japani.

Japani iliposalimu amri mwaka 1945, ua hilo lilisagwa kwenye bunduki nyingi kabla hazijakabidhiwa kwa washindi. Kwa hivyo bunduki yenye ua zima huenda ilitekwa vitani, ingawa si lazima, na bei yake hupanda. Hufuata nambari: ile ya kwenye bolti ikilingana na ile ya mwilini, ni dalili kwamba vipande hivyo havijatengana tangu kiwandani. Kifuniko cha bati cha kuzuia vumbi nacho huongeza bei, kwa kuwa askari wengi walikitupa kwa sababu ya kelele zake.

Cha kushangaza, anayeipiga msasa na kuipaka vanishi ili ipendeze huipunguzia thamani. Tena, zile zilizoundwa kwa haraka mwishoni mwa vita, mbao zake zikiwa na makovu ya randa, zina wapenzi wao. Nyingine zilikuwa za mazoezi tu, za chuma cha kalibu na risasi baridi. Anayezijaribu kwa risasi za kweli huhatarisha uso wake.

Si mambo ya mbali na Kenya kama yanavyoonekana. Mwaka 1944, askari wa KAR kutoka Afrika Mashariki, wakiwa katika Divisheni ya 11, walipambana na Wajapani katika bonde la Kabaw nchini Burma hadi mto Chindwin. Bunduki zilizowaelekea huko ndizo hizo zinazothaminiwa leo kwa ua na nambari.

Huku kwetu, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu mwananchi kumiliki bunduki bila cheti, na soko la wazi la silaha za kumbukumbu halipo. Ni sawa lisiwepo. Kaunti inayopitiwa na barabara kuu kutoka mpakani Namanga, kupitia mjini Kajiado na Kitengela, hadi Nairobi haihitaji kisingizio kipya cha kusafirisha bunduki.

Lakini jicho la mkusanyaji linaweza kuazimwa bila kuazima soko lake. Alama zinazomwambia Mmarekani alipe kiasi gani ndizo zinazoweza kumwambia mpelelezi bunduki ilitoka ghala la nchi gani, na kama nambari yake imekwanguliwa makusudi. Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004, ambayo Kenya ilitia saini, inazitaka nchi wanachama zitie silaha alama na kuweka kumbukumbu. Silaha iliyoyeyuka haiwezi kuhojiwa tena.

Wapo watakaosema kuchelewesha moto ni kualika wizi, na hoja hiyo ina uzito: silaha iliyotwaliwa ikikaa mno ghalani huweza kurudi barabarani. Kwa hivyo hakuna haja ya kuzihifadhi. Kinachohitajika ni picha, nambari na mwaka wa kila moja, na zile chache zilizo adimu kuzibwa mtutu kwa kulehemiwa, kisha kupelekwa katika Makavazi ya Kitaifa.

Kazi yenyewe si kubwa. Kila bunduki ikipewa dakika tano, zile 5,144 za mwaka 2021 zingehitaji saa zipatazo 429. Maafisa kumi wangezimaliza kwa takriban wiki moja, kisha kiberiti kiwashwe.