Kuku wa Nyama katika Joto la Barani

MIZANI YA PWANI
Na Salim Kazungu

Ufugaji wa kuku wa nyama nyumbani, yaani kuku wa kisasa wanaolishwa kwa wiki tano au sita kisha wakachinjwa, umeenea katika ukanda wa Barani kutoka Mtwapa hadi Malindi na Mambrui, na sababu zake zinaeleweka, kwa kuwa hoteli, mikahawa na vibanda vya chipsi vinahitaji nyama kila siku, na kaya isiyo na shamba inaweza kuanza na vifaranga hamsini uani. Hata hivyo, maelekezo yanayofuatwa na wafugaji wengi yametungwa kwa kuzingatia nyanda za juu kama Kiambu na Nakuru, ambako adui wa kuku ni baridi, na yanapohamishiwa pwani bila kubadilishwa huwaua kuku wale wale yaliyokusudiwa kuwakuza. Mfugaji wa Barani hana budi kulitanguliza joto katika kila uamuzi wake, tangu kuezeka banda hadi saa ya kuchinja.

Kuku huyu ni zao la uteuzi wa mbegu wa karne ya 20. Nchini Marekani yalifanyika mashindano yaliyoitwa Kuku wa Kesho, ambayo fainali yake ya mwaka 1948 ilifanyika Delaware, na wazalishaji wakashindana kupata kuku mwenye kifua kipana na anayekua upesi. Matokeo ya juhudi hizo na za waliofuata yalipimwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, ambao waliwalisha chakula cha aina moja kuku wa mbegu ya 1957 na wa mbegu ya 2005. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2014, kuku wa zamani alikuwa na wastani wa gramu 905 alipofika siku 56, ilhali wa kisasa alifikia gramu 4,202. Mwili unaojengwa kwa kasi hiyo hutoa joto jingi, na hapo ndipo shida ya pwani inapoanzia.

Kuku hana tezi za jasho. Anapozidiwa na joto hukunjua mabawa na kutweta, yaani kuhema kwa kasi huku mdomo u wazi, ili unyevu wa mapafu uvukizwe na kuondoka na joto la mwili. Lakini pale ambapo hewa yenyewe imeshiba unyevu wa bahari, uvukizaji hupungua, na kutweta kwingi humpotezea kuku hewa ya kaboni kiasi cha kuvuruga uwiano wa asidi katika damu yake. Kuku mkubwa ndiye anayeathirika zaidi, na kwa sababu hiyo vifo vya joto huja katika wiki ya mwisho, baada ya mfugaji kumaliza kugharamia chakula. Ni hasara inayoumiza, na inauma zaidi kwa kuwa sehemu yake kubwa inazuilika.

Kinga ya kwanza ni banda. Paa la makuti, ambalo baadhi ya wafugaji huliona kuwa dalili ya umaskini, hupitisha joto kidogo sana kuliko bati tupu, na aliyekwisha kuezeka bati anaweza kulifunika kwa makuti au kulipaka rangi nyeupe. Banda lielekezwe mashariki na magharibi, ili jua lisipige kuta ndefu, na kuta hizo ziwe za wavu kuanzia usawa wa goti, maana upepo wa kusi utaingia kwa upana wake wote na ule wa kaskazi hautazuiliwa. Kipimo cha kuku kumi kwa kila mita ya mraba, kinachotajwa katika miongozo mingi, ni kikubwa mno kwa pwani. Saba wanatosha, na hata hao wapunguzwe kati ya Januari na Machi, msimu ambao mfugaji mwenye kikundi kidogo angefanya vyema kuuruka kabisa.

Kinga ya pili, ambayo haigharimu hata senti, ni ratiba ya chakula. Kumeng'enya chakula huzalisha joto mwilini kwa saa kadhaa baada ya kula, na kuku aliyekula saa tano asubuhi hubeba joto hilo wakati ule ule jua linapokuwa kali zaidi. Chakula kiondolewe mnamo saa nne asubuhi na kurudishwa saa kumi na moja jioni, taa hafifu ikiachwa sehemu ya usiku ili kuku wafidie, ilhali maji baridi hayakatizwi wakati wowote. Maji ya visima vingi karibu na ufuo yana chumvi, nayo chumvi hulainisha kinyesi na kulowesha maranda ya mbao yaliyotandazwa sakafuni, na maranda mabichi huzaa harufu kali ya amonia pamoja na vimelea vya kuhara damu. Kwa hiyo maji ya mvua au ya mfereji yanafaa zaidi.

Vifaranga wana mahitaji tofauti. Katika wiki ya kwanza huhitaji nyuzijoto kati ya 32 na 35, kiwango ambacho mchana wa Februari hukikaribia bila msaada, ingawa usiku wa mvua za Mei jiko ni la lazima. Tabia yao huonyesha hali ya chumba: wakirundikana penye moto wana baridi, na wakitawanyika pembeni midomo wazi wamezidiwa na joto. Kulifunga banda kwa maturubai pande zote huku jiko la makaa likiwaka ndani, kama inavyofanyika penye baridi, kunahatarisha uhai wa vifaranga na wa mtu anayewahudumia, kwa kuwa moshi usioonekana wa makaa ni sumu.

Magonjwa yanahitaji maneno machache tu, kwa kuwa kinga zake zinajulikana. Kideri, ambacho madaktari wa mifugo hukiita Newcastle, kilitambuliwa mwaka 1926 huko Java na Uingereza, na kilithibitishwa Kenya mwaka 1935 katika pwani hii hii; chanjo yake, pamoja na ile ya Gumboro, ugonjwa unaoharibu kinga ya mwili wa kifaranga, zitolewe kwa wakati na kuhifadhiwa penye baridi mpaka saa ya matumizi. Adui mwingine ni kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 na ambaye mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kumpunguza kwa wingi. Huyo huzuiliwa kwa wavu wenye matundu madogo.

Chakula huchukua zaidi ya nusu ya gharama zote, na kishawishi cha kupunguza gharama kwa chicha, yaani nazi iliyokwisha kukamuliwa tui, ni kikubwa. Chicha inafaa kwa kuku wa kienyeji wanaojitafutia, lakini kwa kuku wa nyama ina nyuzinyuzi nyingi na protini pungufu, na ikilala hata usiku mmoja katika unyevu wa pwani huota ukungu. Sumukuvu, ambayo ni sumu inayotokana na ukungu wa nafaka na karanga, ilitambuliwa baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960, na nchini Kenya mwaka 2004 iliwaua watu 125 waliokula mahindi yaliyoharibika. Mahindi yasiyofaa kwa ugali hayafai kwa kuku pia.

Jambo linalosikitisha ni jinsi mbegu za pwani zenyewe zilivyosahauliwa. Kuku wa kishingo, asiye na manyoya shingoni, ana chembe ya urithi inayopunguza manyoya ya mwili kwa takriban asilimia 20 akiwa ameirithi kwa mzazi mmoja, na takriban 40 akiwa ameirithi kwa wote wawili, hivyo joto hutoka kwa urahisi zaidi. Naye kuchi wa Lamu ana umbo kubwa na misuli mingi. Kuchanganya mbegu hizo na za kisasa kungempa mfugaji kuku anayekomaa kwa kuchelewa kidogo lakini anayestahimili Machi, na kazi hiyo ingestahili fedha za umma kuliko semina nyingi zinazoendeshwa hotelini.

Kuchinja kunaanza siku moja kabla. Kuku huondolewa chakula kwa saa nane hadi kumi na mbili, akiachiwa maji, ili utumbo na gole, yaani mfuko wa shingoni unaohifadhi chakula, viwe vitupu na visipasukie juu ya nyama. Hukamatwa usiku, akishikwa mwili mzima badala ya bawa moja, na huchinjwa alfajiri kabla jua halijapanda. Sheria ya Kiislamu hutaka jina la Mwenyezi Mungu litajwe, kisu kiwe kikali, na mkato mmoja upite koo, umio na mishipa ya damu ya shingo; Mtume alifundisha pia kwamba mnyama apumzishwe na asiteswe, na wanavyuoni wamekataza kisu kunolewa mbele yake. Kwa kuwa Barani Waislamu na Wakristo hula pamoja harusini na matangani, kaya nyingi zisizo za Kiislamu humwita jirani Mwislamu achinje, desturi njema inayofaa kuendelezwa. Mtungi wa plastiki uliokatwa kitako na kutundikwa, kuku akiingizwa kichwa chini, humtuliza na kuacha damu itiririke kwa dakika mbili au tatu. Asitumbukizwe majini kabla ya kufa kabisa.

Maji ya kunyonyolea yasichemke. Nyuzijoto 60 hivi, kwa muda usiozidi dakika moja, hulegeza manyoya bila kuipika ngozi. Baada ya utumbo kutolewa kwa uangalifu, nyongo isipasuke na maini, moyo na firigisi vikatengwa, nyama huoshwa kwa maji safi na kuzikwa mara moja katika barafu, ile ile wanayoitumia wachuuzi wa samaki, kwa kuwa bakteria kama salmonela huongezeka upesi katika joto la mchana. Aliyempa kuku dawa za viuavijasumu angoje siku zilizoandikwa kwenye kifurushi kabla ya kumchinja. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2017 kwamba wanyama wasio wagonjwa wasipewe dawa hizo kwa ajili ya kukuzwa.

Kuku wa kuliwa nyumbani huishia hapo, lakini nyama ya kuuzwa ni suala jingine, kwa sababu Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, inataka ikaguliwe. Mfugaji wa kuku hamsini hawezi kujijengea machinjio, na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziweka machinjio na udhibiti wa magonjwa ya mifugo mikononi mwa kaunti. Serikali ya Kaunti ya Kilifi ingejenga vituo vidogo vya kuchinjia kuku karibu na masoko ya Malindi, Kilifi na Mtwapa, kila kimoja kikiwa na mchinjaji anayetambulika, maji ya moto yaliyopimwa, barafu, mkaguzi anayefika alfajiri, na shimo lililofunikwa la damu na manyoya ambalo kunguru hawawezi kulifikia.