Jenerali akikuomba kura, muulize hivi

Uchaguzi wa 2027 unanukia, na huenda ukaona mtaani bango la mwanajeshi mstaafu, cheo kikitangulia jina. Wengi wetu tukisikia "jenerali" tunawaza nidhamu: huyu hataiba, kazi itaenda chapchap. Pole pole. Kabla hujaamua, angalia maisha ya Joseph Nkaissery.

Alizaliwa Kajiado mwaka 1949, akatumikia jeshi karibu miaka 30 na kufika cheo cha Meja Jenerali. Mwaka 2002 alivua gwanda, na mwaka huohuo akachaguliwa mbunge wa Kajiado ya Kati. Nadhani hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza. Kambini ukitoa amri inafuatwa. Siasa za mashinani ni kuketi chini ya mti, usikize wazee wakibishana kuhusu ardhi, maji na basari, na mchungaji asiye na cheo ana kura moja sawa na yako. Aliweza: alirudishwa bungeni 2007 na tena 2013. Si mchezo.

Lakini kuna 1984. Akiwa afisa wa miaka thelathini na kitu, alikuwa kamanda katika Operesheni Nyundo, ya kupokonya raia silaha Pokot Magharibi. Wakazi walisimulia vipigo, mauaji na ng'ombe waliofungiwa bila malisho hadi wakafa. Jambo hilo lilifika mbele ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano (TJRC). Jibu lake? Alikuwa akifanya kazi ya serikali.

Desemba 2014 Rais Uhuru Kenyatta alimchagua kuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, ingawa alikuwa wa ODM. Suala la Pokot likaibuka tena, na bado akaidhinishwa. Miezi minne baadaye magaidi wakaua zaidi ya watu 140, wengi wao wanafunzi, katika Chuo Kikuu cha Garissa. Kumbebesha yeye pekee lawama hiyo ni kumwonea, ila wale waliodhani cheo kingetosha walipata jibu. Alifariki Julai 2017, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi.

"Nilitumwa" ni jibu la kambini. Anayetaka uwakilishi wadi au ubunge hajatumwa na mtu, amejileta. Kwa hivyo akija kwenu muulize: ni operesheni gani ulisimamia, raia walitendewa nini, na wewe ulifanya nini ulipojua? Ripoti ya TJRC ilikabidhiwa Rais Mei 2013 na inapatikana mtandaoni. Ni mijuzuu mizito, najua. Anza na Pokot.