Hamkutukopesha, Msitudai

Wazee wetu, mtanisamehe. Siku ile kwenye mkutano wa mutualite nilinyamaza, juu mkubwa akiongea kijana anasikiliza. Lakini maneno yamenikaa kooni mpaka leo, kwa hiyo nayaandika hapa.

Mzee mmoja alisimama akatunyooshea kidole sisi tuliokaa nyuma. "Hawa batoto haiko Bafuliiru tena," akasema. "Kifuliiru habajue, mila habajue. Bamekuwa Baganda." Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akaongeza kwamba binti yake anasema "posho", neno bugali limemtoka kabisa, na sombe hataki hata kuionja. Watu wakacheka. Hakuna aliyeuliza: ni nani alipaswa kumfundisha?

Basi nauliza mimi. Maana mnatudai deni, na siye hatukumbuki siku mliyotukopesha.

Nina miaka 26. Nililetwa hapa Nakivale nikiwa na miaka minne. Nimesoma hapa mpaka S4, na sasa nafanya kazi na vijana. Nataka muone siku moja ya mtoto wenu jinsi mimi ninavyoiona. Asubuhi anaamka na Kiswahili chetu cha Kongo. Akiingia P1 anakuta Runyankore, akifika P4 ni Kiingereza. Katika shule niliyosoma mimi, ukikamatwa unaongea Kiswahili unavalishwa kibao shingoni, unatembea nacho mpaka umkamate mwenzako. Jioni shangazi anapiga simu kutoka Uvira, mtoto anamsalimia, shangazi anaangua kicheko: "Yo! Unaongea kama Muganda!" Mtoto anarudisha simu kwa mama yake. Kesho simu ikilia, anatoka nje.

Shuleni anaadhibiwa kwa kuwa Mkongomani. Kwenye simu anachekwa kwa kutokuwa Mkongomani wa kutosha. Na ninyi kwenye mutualite mnampigia makofi ya tatu. Mnataka aende wapi?

Msiniambie achague tu. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 haimpi mtoto wa mkimbizi uraia kwa sababu tu amezaliwa hapa. Karatasi yake imeandikwa Kongo, nchi ambayo hajaikanyaga. Kongo yote anayoijua iko ndani ya vichwa vyenu, na ninyi vichwa mmevifunga.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu na ninyi. Lugha tungejifunza hata ukubwani. Kinachotuua ni kunyamaza kwenu.

Nilikuwa na miaka 15 familia yetu ilipoitwa kwenye mahojiano, katika ofisi ambayo sitaitaja. Tulikaa kwenye benchi, mama mbele, sisi nyuma. Mama akaulizwa kwa nini alikimbia. Na hapo, mbele ya mtu asiyemjua aliyeshika kalamu, mama akaeleza jinsi babu yangu alivyouawa. Mimi nilikuwa nimeambiwa babu alikufa kwa malaria.

Niliisikia habari ile mara mbili: kwa Kiswahili kutoka kwa mama, kisha kwa Kiingereza kutoka kwa mkalimani. Mkalimani alikosea mahali pawili. Nilitaka kumsahihisha nikashindwa. Ningemsahihisha vipi mtu kwenye habari ambayo na mimi ndiyo kwanza naisikia?

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mama alisema neno moja tu njiani: "Usiambie badogo zako."

Ninamwelewa mama yangu. Najua wengi wenu mkifungua mdomo usingizi unapotea wiki nzima. Najua pia mnaogopa kwamba mkisema nani alifanya nini, watoto watalelewa na chuki, na hapa Nakivale tunachota maji kwenye bomba moja na watu wa makabila yote. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini njooni muone simu za hao vijana. Kuna sauti zinazotumwa kwenye WhatsApp usiku, za watu wasiojulikana wako wapi, zinawaambia kabila fulani ni nyoka na kabila fulani lirudi lilikotoka. Kijana wa miaka 17 ambaye baba yake hajamwambia lolote anasikiliza sauti ile na kusema: kumbe! Hatimaye kuna mtu mzima anayenieleza kitu.

Mlidhani mkinyamaza hakuna atakayesema. Wengine wamesema, na hawakuchagua maneno kama ambavyo ninyi mngechagua.

Mwezi uliopita niliwauliza vijana 20 kuhusu Lemera. Wote ni watoto wa Wafuliiru. Wawili tu walijua kwamba ni makao makuu ya usultani wetu. Hakuna aliyejua kwamba Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani. Hakuna aliyejua kwamba daktari aliyekuwa akiiongoza hospitali ile ni Denis Mukwege, aliyekuja kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Majina ya wachezaji wa Arsenal waliyataja yote, mpaka wa akiba. Mnaweza kuwalaumu vijana kwa hilo. Mimi nawalaumu watu waliotoka kule kwa miguu, wakakaa na watoto hawa meza moja miaka 15, wakazungumzia mgao tu.

Na wapo wengine mlioenda mbali zaidi. Mlituambia: "Kifuliiru itakusaidia nini? Siye tunaenda Amerika." Nyumba nzima ikakaa kama iko stendi ya basi. Watoto hawakufundishwa kwao, na hapa hawakuruhusiwa kupazoea. Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Ninawajua vijana ambao begi lilikuwa tayari. Sasa wamekaa barazani kutwa, kwao hawakujui, hapa walikatazwa kupapenda, na kule kumefungwa. Huyo ndiye mnayemwita "mtoto aliyepotea".

Na hilo neno "Baganda" mlitupie jicho. Mtoto anayeongea Kiswahili, Kiingereza na Runyankore, anayemsindikiza mama yake kliniki ili amweleze daktari ugonjwa wake, hajapotea. Huyo ndiye anayewatembeza ninyi. Mnamtuma akawasemee, kisha mnamcheka anavyosema. Na Kiswahili chake mnachokiita cha kuharibika ni moja ya lugha nne za taifa la Kongo. Uganda nayo, serikali iliamua mwaka 2022 kifundishwe shuleni. Kibao kile tulichovalishwa shingoni ni cha aibu kwa waliotuvalisha, si kwetu.

Sisemi bila kujaribu. Nilialika wazee sita waje Jumamosi kwenye ukumbi wa vijana. Alikuja mmoja, mama mzee anayeuza ndagala sokoni New Congo. Hakutoa hotuba. Aliomba kijiti, akachora barabara chini kwenye vumbi: Uvira, Kiliba, Sange, Luvungi, Kamanyola. Akaonyesha mto Ruzizi unapopita, na njia ya kupanda milimani. Kila mahali akataja kitu: hapa palikuwa na kiwanda cha sukari, hapa nilinunua kikwembe cha harusi, hapa tulilala kwenye mihogo siku tatu. Alilia kidogo, akajipangusa, akaendelea. Watoto walikuwa wamechuchumaa kuzunguka ramani ile, hakuna aliyeshika simu. Mvulana wa miaka 11, mzaliwa wa hapa hapa, akauliza: "Koko, na nyumba yetu siye iko wapi?"

Mama yule hakuijua. Wanaoijua ni baba na mama yake, na siku ile walikuwa mkutanoni, wanajadili vijana waliopotea.

Wazee wetu, sitaki mtuombe msamaha. Nataka mje. Kila Jumamosi, saa nane mchana, kabla ya mpira. Anayeweza kusimulia vita asimulie. Asiyeweza asimulie harusi yake, shamba lake, au jinsi sombe ilivyopikwa kwao. Viti havitoshi, kwa hiyo kila mtu aje na chake. Yule mvulana bado anasubiri jibu.